Euro 75 za uni-assist: ni halali yao?

Hukumu kwanza, kwa wenye haraka: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu mbili, nazo zinakuja huko mbele.

Kila msimu wa maombi ukifika napata ujumbe wa aina hii: "Dada shikamoo, nimepata kozi nzuri ya uzamili Ujerumani, ila wanataka nilipe euro 75 kwa watu wanaoitwa uni-assist kabla hata chuo hakijaniona. Hawa si matapeli kweli?" Swali la haki kabisa. Anayetaka pesa kabla ya kazi tumezoea kumkimbia.

Hawa usiwakimbie. uni-assist ni chama cha vyuo vyenyewe, kilianzishwa mwaka 2003, makao yake Berlin, na vyuo kama 170 vya Ujerumani vimekikabidhi kazi ya kupokea vyeti vya watu waliosoma nje, kuvikagua na kuvipeleka chuoni vikiwa vimepangwa. Kazi yao inaishia kusema vyeti vyako vinatosha au havitoshi. Anayekuchukua au kukuacha ni chuo. Ukilielewa hilo, nusu ya hasira za watu mtandaoni zinakosa mlengwa, maana wengi wanailaumu uni-assist kwa kunyimwa nafasi ambayo uni-assist haikuwa nayo.

Ada ni euro 75 kwa chaguo la kwanza na euro 30 kwa kila chaguo linaloongezeka ndani ya muhula huohuo. Vyuo vitatu kwa mpigo, euro 135. Ukikosa vyote ukarudi muhula unaofuata, unaanza tena na 75, na ile ya mwanzo hairudi. Hapo ndipo sababu ya kwanza ya kuzuia nyota: vyeti ni vilevile, wameshavikagua, kwa nini nilipe tena kana kwamba wananiona kwa mara ya kwanza?

Kabla hujalipa chochote, hakikisha chuo unachokitaka kinapitia huko kweli. Vingi vina mfumo wao na havitozi kitu. Vingine viko katikati: kwa Technische Universität München, kwa mfano, unaomba kwenye mfumo wa chuo wenyewe, lakini wanataka kwanza hati ya uhakiki kutoka uni-assist, inaitwa VPD. Watu wanasoma ukurasa wa chuo nusu, wanaiona VPD wiki moja kabla dirisha halijafungwa, halafu wanaanza kutafuta ndugu wa kumlilia.

Fomu yenyewe inaitwa My assist. Unafungua akaunti, unatafuta kozi, unajibu maswali ya chuo husika, unapandisha vyeti, unatuma, unalipa. Haina mbwembwe na haijapendezeshwa, lakini haikupotezi njia. Wanataka skani ya rangi ya cheti halisi, siyo ya fotokopi. Kama vyeti vyako vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa vyuo vingi huhitaji mtafsiri, kwa hiyo anayekuambia lazima ulipie tafsiri ya Kijerumani muulize kwanza ameisoma wapi.

Kinachokwamisha watu wengi ni cheti cha sekondari. Unaomba uzamili, shahada unayo mkononi, unajiuliza cheti cha kidato cha sita cha nini tena. Kiweke. Wajerumani wanataka kuona ile njia yote, kuanzia cheti kilichokuruhusu kuingia chuo kikuu. Na transkripti iwe nzima, pamoja na ule ukurasa wa nyuma wenye maelezo ya madaraja. Wengi hawauskani kwa sababu hauna alama zao, una jedwali tu la A ni ngapi na B ni ngapi. Ukurasa huo ndio unaowaonyesha wakaguzi namna ya kukuhesabia. Mimi niliandikiwa kuhusu karatasi moja kwenye transkripti, na ujumbe ulitaja karatasi ipi, ilikuwa na upungufu gani na niipandishe wapi. Hakuna "njoo kesho", hakuna "mwenye faili hayupo". Kwa mtu aliyewahi kufuatilia transkripti dirishani kwenye chuo ambacho sitakitaja, hiyo peke yake ilinifanya nihisi nimetendewa wema.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo euro 75 za watu zinapopotelea bila sababu. Ujerumani alama zinakwenda kinyume: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho kwa kufaulu. Kubadili alama za nje wanatumia kanuni iliyotokana na ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Inatisha ukiisoma. Lakini kwa mwenye GPA ya vyuo vya Tanzania, ambako juu ni 5.0 na kufaulu kunaanzia 2.0, yote inanyooka na kubaki hivi: 6 toa GPA yako. Basi. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5, pale daraja la pili la juu linapoanzia, anapata 2.5, na kozi nyingi za uzamili zimeweka mstari wao hapohapo kwenye 2.5. Mwenye 3.4 anaangukia 2.6. Kama kozi imeandika 2.5, asilipe kwa kutumainia huruma. Mkaguzi hakuajiriwa kuhurumia. Atafute kozi iliyoweka mstari kwenye 3.0, zipo, na nyingine hazina mstari kabisa bali zinapanga watu kwa pointi.

Sababu ya pili ya ile nyota ni muda. Wenyewe wanasema wanahitaji wiki nne hadi sita, na wanashauri utume wiki nane kabla ya siku ya mwisho. Tarehe zinazotajwa sana ni 15 Julai kwa muhula wa baridi na 15 Januari kwa muhula wa kiangazi, lakini usizikariri, kwa sababu kozi nyingi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza hufunga miezi kadhaa kabla. Ukituma mapema na kitu kikakosekana, una nafasi ya kukileta. Ukituma siku ya mwisho, ujumbe wa kukosekana unakukuta dirisha limeshafungwa. Na ada isipofika kamili, faili halifunguliwi. Ukilipa kwa benki kutoka nje ya Ulaya, benki za njiani zinaweza kumega euro kadhaa kila moja, zikafika 60 badala ya 75, nawe umekaa unasubiri wakaguzi ambao hawajaanza. Lipa kwa kadi ukiweza. Ukilazimika kutumia benki, waambie gharama zote ziwe juu ya mtumaji.

Nimeombwa niilinganishe uni-assist na wakala wa kukuombea vyuo, nami nalinganisha kwa furaha. Wakala huyu simtaji, na wa aina yake ni wengi. Mtoto wa shangazi yangu alimpa fedha ambayo ingetosha kuombea vyuo kumi na chenji ikabaki. Huduma ikawa nini? Kumfungulia akaunti ileile ya My assist, ambayo kuifungua ni bure, kwa barua pepe ya ofisi ya wakala. Nywila anayo wakala. Ujumbe ukaingia kwamba cheti cha lugha hakijapandishwa, ukakaa kwenye sanduku la wakala pamoja na jumbe za watu wengine, tarehe ikapita. Alipouliza akajibiwa, "Wajerumani wamekataa, mdogo wangu, tujaribu tena." Wajerumani gani? Chuo hakikuwahi kuona hata jina lake. Kama umeamua kumtumia mtu akusaidie, sawa, ni pesa yako, ila akaunti iwe kwa barua pepe yako na nywila uwe nayo wewe. Atakayekataa sharti hilo ameshakujibu.

Tuje kwenye neno "bure", kwa sababu ndilo linalowaleta wengi. Kwa vyuo vingi vya umma ni kweli: hakuna ada ya masomo, hata kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo lililojitenga, tangu muhula wa baridi wa 2017 linawatoza wa nje ya Umoja huo euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo Heidelberg, Freiburg na Stuttgart usizihesabu kwenye za bure. Technische Universität München nayo ilianza kutoza mwaka 2024, na kwa uzamili ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Penginepo unalipa mchango wa muhula, kati ya euro 100 na zaidi ya 300 kutegemea chuo, na mara nyingi ndani yake kuna tiketi ya usafiri.

Kinachowatoa watu jasho ni Sperrkonto. Ni akaunti ambayo unaweka pesa zako mwenyewe halafu unazuiwa kuzigusa. Kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, unaachiwa euro 992 kila mwezi ukishafika. Inabidi ziwepo zote kabla ya viza, isipokuwa kama una udhamini, au kuna mtu anayeishi Ujerumani aliyesaini kukubeba. Ni mzigo mkubwa na sitaki kuurembesha. Nawajua watu wenye barua ya chuo mkononi walioishia hapo. Kampuni iliyonifungulia ya kwangu siitaji, lakini niseme hivi: mwezi wa kwanza wa pesa haukusubiri uwanjani na bango la jina lako. Unatakiwa ufungue akaunti ya kawaida ya benki, upeleke nyaraka, wazikague, ndipo waachie. Huku mwenye nyumba anataka kodi na dhamana. Beba ya kuishi mwezi mzima, mbali na hizo 11,904. Ukidhani ni tahadhari ya woga, utanikumbuka.

Viza yenyewe ni euro 75 nyingine, na tangu 2025 maombi yanaanzia mtandaoni. Kuna badiliko ambalo jumbe nyingi za zamani bado hazina: zamani ukikataliwa uliweza kuandika barua ya kupinga na ubalozi ukaangalia upya bila malipo. Tangu 1 Julai 2025 njia hiyo imefutwa. Ukikataliwa unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo barua ya kueleza kwa nini kozi hii na kwa nini sasa iandike kwa kichwa chako. Ile ya kunakili, ambayo nusu ya waombaji wanayo, maafisa wameshaikariri kuliko wewe.

Bima ya afya ni lazima. Bei ya wanafunzi kwenye bima za umma inakoma ukifikisha miaka 30, jambo ambalo kwa mtu aliyefanya kazi kwanza ndipo akarudi shule si dogo hata kidogo. Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, tangu Machi 2024, na mshahara wa chini mwaka 2025 ulikuwa euro 12.82 kwa saa. Inasaidia kula. Kujaza Sperrkonto ya mwaka wa pili kwa kuosha vyombo huku unasoma uhandisi ni habari nyingine, waliofanikiwa nawavulia kofia.

Sasa kusoma kwenyewe, maana nako ni huduma na nina la kusema.

Ratiba inaonyesha kipindi saa 10:00 c.t., yaani saa nne asubuhi, unafika unakuta ukumbi mtupu. Kinaanza 10:15, zile herufi mbili ndiyo maana yake, na ukiona s.t. ujue ni saa kamili bila nyongeza. Hakuna mahudhurio kwenye mihadhara mingi. Hakuna jaribio la wiki ya tano. Hakuna mwalimu wa kukuuliza mbona hukuja. Miezi inapita kwa utulivu unaodanganya, kisha mwisho wa muhula unakuja mtihani mmoja, mara nyingi wenye uzito wa asilimia mia ya alama za somo hilo. Na kuhudhuria hakukuandikishi mtihani. Unajisajili mwenyewe kwenye mfumo, kwa kila mtihani, ndani ya muda wake. Ukiusahau umesubiri muhula mzima. Kwenye vyuo vingi ukifeli mtihani wa lazima mara tatu, kozi nzima ya shahada imekwisha kwako, na huwezi kuhamia chuo kingine cha Ujerumani uendelee na kozi ileile. Hili linastahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye barua ya kukukubali, na halipo humo.

Upande mwingine kuna kitu ambacho sijawahi kukiona kwingine na ndicho kilichonifanya niiheshimu elimu yao: haki ya kukagua karatasi yako ya mtihani. Wanaita Klausureinsicht. Matokeo yakitoka, inatangazwa siku na chumba. Unaingia, simu unaiweka mbali, msaidizi wa profesa anakupa karatasi yako yenyewe, iliyosahihishwa, pamoja na majibu yaliyotarajiwa. Unakaa unasoma alama ya kila swali. Mimi nilikuwa nimepata 2.7 kwenye somo nililoamini nimelimudu. Nikapitia ukurasa kwa ukurasa, nikajumlisha kwa penseli pembeni, haikulingana. Nikarudia. Kumbe pointi za swali la mwisho, zilizokuwa nyuma ya karatasi, hazikuingizwa kwenye jumla. Nikanyoosha mkono, nimejiandaa kabisa kwa ugomvi, na utetezi wangu nimeshaupanga. Msaidizi akageuza karatasi, akahesabu, akasema "Ndiyo, kweli", akaandika, akasaini. Ikawa 2.3. Hakukasirika, hakuniuliza mimi ni nani mpaka nimkosoe profesa. Kijana wa meza ya jirani alibishania swali lake akakataliwa, naye akaelezwa sababu hadi akaridhika. Wengi wa wanafunzi wa nje hawaendi, wanaona kama ni kumdharau mwalimu. Nenda. Hata kama umefaulu, nenda, utaona wanavyosahihisha.

Maprofesa wenyewe si wa kuzoeana. Ana saa yake ya kuonana na wanafunzi, unakuja na swali, unajibiwa, unaondoka. Barua pepe ya mistari minne inajibiwa, ya kurasa mbili yenye salamu za familia inasubiri. Mhadhara ukiisha wanafunzi wanagonga meza kwa vifundo vya vidole badala ya kupiga makofi. Mara ya kwanza nilidhani wanamfukuza.

Hata kama lugha ya kozi yako ni Kiingereza, lugha ya barua ni Kijerumani. Miongoni mwa barua za mwanzo zitakazokupata baada ya kuandikisha anwani yako ni ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Inalipwa kwa nyumba, siyo kwa kichwa, kwa hiyo kama mko wanne kwenye nyumba moja na mwenzenu analipa, andika namba yake na mchangiane. Usiitupe ukidhani ni tangazo. Kijerumani cha ngazi ya A2, yaani cha msingi, kabla ya kuondoka kitakufaa kuliko koti la bei mbaya.

Na makazi. Vyumba vya nafuu viko chini ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi la mji husika, wana orodha ya kusubiri, na kwenye miji kama München na Berlin orodha hiyo inakwenda mihula kadhaa. Miji mingi inakuruhusu ujiandikishe hata kabla barua ya chuo haijatoka. Basi siku unayobonyeza "tuma" kwenye My assist, fungua ukurasa wa Studierendenwerk wa kila mji uliouomba, ujaze na huko pia. Huko hawatozi euro 75.